Teksi za Mumbai–Pune wakati wa mvua: nyota tatu, na siku nyingine hata moja

Kuanzia Novemba hadi Mei, teksi ya kutoka Mumbai kwenda Pune tungeipa nyota nne bila kusita. Ni kilomita kama 150, saa tatu au tatu na nusu, unachukuliwa mlangoni na kushushwa mlangoni, na sehemu kubwa ya safari ni barabara yenye njia tatu kila upande. Ikifika katikati ya Juni, gari ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini barabara inageuka nyingine kabisa. Tathmini hii ni ya miezi hiyo, Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Walengwa hasa ni wanaotua Mumbai kutoka Nairobi au Dar es Salaam wakiwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali, mtoto anayeanza chuo Pune, au mizigo ya biashara.

Mvua yenyewe watu wa Pwani wanaijua kwa jina jingine: ni kusi. Upepo ule ule uliokuwa ukisukuma majahazi kutoka Unguja na Lamu kwenda kaskazini huvuka ikweta, hupinda kuelekea mashariki, hushiba mvuke wa Bahari ya Arabu, kisha hugonga milima ya Sahyadri nyuma ya Mumbai na kumwaga mzigo wote hapo. Kwa kawaida mvua hufika Mumbai kama tarehe 11 Juni, ingawa mwaka 2025 ilifika tarehe 26 Mei. Usiipime kwa masika ya nyumbani. Tarehe 26 Julai 2005 kituo cha Santacruz kilipima milimita 944 kwa saa 24, kiasi kinachokaribia mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam. Siku ile wapo waliofia ndani ya magari yao, vioo vimefungwa na umeme wa milango umekufa.

Barabara inayotumiwa na karibu teksi zote ni Mumbai–Pune Expressway, kilomita 94.5, iliyokamilika mwaka 2002. Pikipiki na bajaji haziruhusiwi humo. Tambarare, gari dogo linaruhusiwa kilomita 100 kwa saa. Mlimani kati ya Khopoli na Khandala, sehemu ambayo wenyeji huiita ghat, mwisho ni 60, na kamera zipo. Tatizo la msimu wa mvua liko hapo mlimani. Mwamba mweusi wa volkano umekatwa wima ili barabara ipite, nyufa zake zinajaa maji, na mawe yanaachia. Karibu na handaki la Adoshi mlima uliporomoka Julai 2015 na watu wakafa, ukaporomoka tena Julai 2023. Nyavu za chuma zilizotandazwa ukutani hushika mawe madogo, lakini kipande cha mlima kikiondoka, kinaondoka nazo. Kwa hiyo dereva asisimame kando ya ukuta huo kwa sababu yoyote ya hiari: si simu, si haja ndogo, wala si picha ya maporomoko ya maji yanayomwagika pembeni, ambayo kweli yanapendeza. Haja imalizwe kwenye vituo vya chakula kabla ya kupanda, na picha zipigwe gari likitembea.

Kwenda Pune ni kupanda, kurudi Mumbai ni kushuka, na kushuka ndiko kubaya zaidi. Malori yaliyojaa hushuka breki zikiwa zimechemka, lami ina utelezi, na nyuma yake kuna magari madogo yenye haraka ya kuwahi ndege. Dereva mzuri utamtambua hapo: anashuka na gia ya pili au ya tatu, injini inalia kidogo, mguu unagusa breki kwa vipindi. Dereva mbaya anaweka gia huru ili kuokoa mafuta. Ukisikia injini imetulia kimya huku gari linashuka kasi, mwambie papo hapo. Kihindi cha kutosha ni "bhaiya, dheere", yaani kaka, polepole. Na dereva Mmarathi usishangae ukisikia akiitwa "dada"; kwao dada ni kaka mkubwa.

Teksi zenyewe ni za aina tatu, na wakati wa mvua hazilingani hata kidogo.

Ya kwanza ni ya programu za simu. Uber na Ola zote zina chaguo la safari za mji hadi mji, na zipo kampuni nyingine za safari hizo peke yake. Uzuri wake ni kwamba bei unaiona kabla, safari inafuatiliwa, na ndugu zako unaweza kuwatumia njia unayopita. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hulichagui gari. Unachagua daraja tu, kisha unapewa litakalokuwepo, na ukiweka oda jana yake bado dereva mara nyingi hupangwa muda mfupi kabla ya safari. Mvua ikikaza, madereva hupiga simu kuuliza unaenda wapi na unalipaje, halafu wanafuta. Wengine hukuomba ufute wewe, mlipane taslimu nje ya programu. Usikubali: hapo unapoteza ufuatiliaji, unapoteza pa kulalamikia, na bei inageuka maneno matupu. Nyota 4.8 za dereva nazo zisikuleweshe. Abiria humpa nyota kwa upole na usafi wa viti. Hakuna anayeinama kutazama tairi.

Ya pili ni teksi za kuchangia, zinazojaza Dadar upande wa Mumbai na kituo cha reli upande wa Pune. Unalipia kiti, gari linaondoka likijaa. Madereva wake wanaujua mlima kona kwa kona, na hilo si jambo dogo. Lakini wanalipwa kwa mizunguko, kwa hiyo kila dakika ya tahadhari ni pesa yao inayopotea, na wewe ukiwa mmoja kati ya wanne huna sauti ya kusema tusubiri mvua ipungue. Kwa mtu mmoja mwenye begi moja, siku ya manyunyu, zinafaa. Kwa mgonjwa, hapana.

Ya tatu, na chaguo letu kwa Julai na Agosti, ni kampuni ndogo za magari ya kukodi zinazopatikana kupitia hoteli au ofisi ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali. Ni ghali kidogo, na risiti wakati mwingine ni ya kuombea. Lakini unaweza kulitaja gari kwa jina, kupewa namba ya dereva jioni iliyotangulia, na kuomba jambo ambalo programu haikupi: picha ya tairi za mbele na namba ya gari. Kampuni inayokataa kutuma picha ya tairi imekwisha kukujibu.

Kuhusu gari: teksi ya kawaida ni Maruti Dzire, ambayo tumbo lake liko milimita 163 tu kutoka ardhini. Ertiga, yenye viti saba, imenyanyuka sentimita kama 18. Innova ni nzito zaidi, na uzito ni faida maji yanapopita barabarani. Tofauti ya sentimita mbili inaonekana ndogo mpaka ufike kwenye bonde lenye maji. Kwa watu watatu wenye mizigo, chukua Ertiga au Innova hata kama mngeenea kwenye Dzire, kwa sababu nyingine pia: teksi nyingi hutumia gesi asilia, kama zilivyo nyingi za Dar siku hizi, na mtungi unakaa kwenye buti. Mabegi mawili ya kilo 23 hayaingii. Yatapandishwa juu ya paa, kwenye mvua ile. Uliza mapema kama gari ni la gesi, na kama mabegi ni lazima yaende juu, turubai liwe lao na liwe limefungwa kabla hujapanda.

Ukaguzi wa mlangoni unachukua dakika nne, na ni bora kuliko chochote utakachofanya ukishakaa. Anza na rangi ya kibao cha namba. Watanzania wajihadhari hapa, maana mambo yamepinduka: nyumbani njano ni gari binafsi na nyeupe ni la biashara, India njano ni la biashara na nyeupe ni binafsi. Teksi ya umeme ina kibao cha kijani chenye maandishi ya njano. Gari la kibao cheupe linalobeba abiria kwa malipo halina kibali, na likipata ajali bima ina sababu ya kukataa.

Kisha tairi. Chukua njiti ya kiberiti, ingiza kichwa chake kwenye mfereji wa tairi. Kikizama chote, una kama milimita 3, na hiyo inatosha. Sheria ya India inaruhusu hadi 1.6, lakini sheria haikuandikwa kwa ajili ya Khandala mwezi wa Julai. Mifereji ile ndiyo inayokamua maji pembeni. Ikiisha, maji yanabaki chini ya tairi na gari linaelea: usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki haifanyi kitu. Tairi zuri lenye upepo wa 32 linaweza kuanza kuelea kwenye kama kilomita 90 kwa saa. Lililoisha huelea mapema zaidi. Tazama tairi zote nne, upande wa ndani pia, maana gari lililoharibika uelekeo wa magurudumu hula tairi upande mmoja. Kwenye ubavu kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita lina mpira mgumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa hata kama mifereji ipo. Spea nayo ionekane kwa macho. Kwenye gari la gesi wakati mwingine imeachwa nyumbani ili kupata nafasi ya mzigo.

Mwombe dereva arushe maji kwenye kioo cha mbele na kuwasha waipa. Zikiacha mistari au zikilia, mpira umekufa, na mpya huuzwa vituo vingi vya mafuta. Simama nyuma ya gari akanyage breki: taa zote mbili ziwake. Halafu mikanda ya nyuma. Karibu kila teksi ina mikanda hiyo, ila vishikizo vimezama chini ya mafuniko ya viti. Vichimbue kabla ya kuondoka, dereva akiguna mwache agune. Mfanyabiashara mkubwa Cyrus Mistry alifariki Septemba 2022 kwenye barabara ya Mumbai–Ahmedabad akiwa kiti cha nyuma cha gari la kifahari, bila mkanda. Magari ya biashara yaliyosajiliwa tangu Januari 2019 yanatakiwa pia yawe na kifaa cha kufuatiliwa na kitufe chekundu cha dharura. Uliza kiko wapi. Namba ya dharura ni 112, ya gari la wagonjwa 108.

Tairi zikiwa kipara, kataa gari. Mengine yote yanajadilika.

Njiani, kosa la kwanza la madereva wa njia hii ni kuzima kiyoyozi wakati wa kupanda ili gari lipate nguvu. Ndani ya dakika mbili vioo vinaingia ukungu, na dereva anaanza kufuta kwa kitambaa huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Kiyoyozi hukausha hewa, kwa hiyo kiwake muda wote, hewa ielekezwe kioo cha mbele, joto liongezwe kama mnaona baridi, na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe. Gari likishindwa kupanda likiwa na kiyoyozi, halikufaa kwa safari hii.

Kosa la pili ni kuwasha hazadi gari likiwa kwenye mwendo. Wengi hufanya hivyo kwenye mvua kubwa na mahandaki, wakidhani wanaonekana vizuri zaidi. Matokeo yake indiketa haifanyi kazi tena, na aliye nyuma hajui kama umesimama au unatembea. Taa za kawaida za mbele zinatosha, maana zinawasha na za nyuma. Umbali nao upime mwenyewe: lori la mbele likipita nguzo, hesabu sekunde polepole. Ukifika kwenye nguzo hiyo kabla ya nne, mko karibu mno.

Maji yaliyotuama yana hesabu yake. Sentimita 15 hufika tumbo la magari mengi madogo. Sentimita 30 zinazotembea zinaweza kulielesha gari dogo, na 60 hubeba karibu gari lolote. Kama hamuoni mstari wa barabara au ukingo wa njia ya miguu, hamjui kina, basi geuzeni. Akilazimika kupita maji ya kina cha kifundo cha mguu, apite gia ya kwanza, mwendo mmoja bila kusimama, mafuta yasiachiwe. Akitoka, aguse breki mara tatu nne taratibu ili zikauke. Injini ikizima ndani ya maji, asijaribu kuiwasha. Injini iliyokunywa maji ikilazimishwa kuzunguka hukunja konrodi, na hapo safari imekwisha. Fungueni vioo mara moja umeme ungali upo, tokeni upande ambao maji hayavuti, mabegi baadaye.

Saa ya kuondoka ina uzito kuliko aina ya programu. Sehemu za chini za Mumbai kama Hindmata, Sion, Kurla na njia ya chini ya reli ya Andheri hufurika pale mvua kubwa inapokutana na bamvua. Mifereji ya jiji humwaga baharini, na bahari ikijaa zaidi ya mita 4.5 maji hayana pa kwenda. Ratiba ya maji kujaa hutangazwa. Mtu wa Pwani ataisoma vizuri kuliko hata wenyeji wengi. Tazama pia rangi za Idara ya Hali ya Hewa ya India, IMD: njano ni kuwa macho, chungwa ni kujiandaa, nyekundu ni kuchukua hatua. Mvua ya zaidi ya milimita 204.4 kwa saa 24 wanaiita kubwa kupindukia. Sheria yetu ni rahisi: njano tunapanda mlima, chungwa tunapanda mchana tu na kwa Innova, nyekundu kwa wilaya za Raigad au Pune hatupandi, hata kama tiketi ya hoteli inapotea.

Ondoka saa 12 asubuhi. Ukimwandikia dereva andika "6 AM", maana saa 12 yake ni adhuhuri. Epuka Jumamosi asubuhi na Jumapili jioni, wakati Mumbai nzima inakwenda mji wa mlimani wa Lonavala kutazama mawingu, na wikendi iliyo karibu na 15 Agosti. Usiku usipande kabisa: maporomoko hayaonekani, ukungu wa Khandala unaziba taa, na dereva huenda alianza kazi tangu alfajiri. Muulize amelala saa ngapi. Jibu la kucheka ni jibu.

Bei ina mitego michache. Safari ya kwenda na kurudi hupigwa kwa kiwango cha chini cha kilomita kwa siku, mara nyingi 250 au 300, hata kama mmetembea pungufu: kwa mfano rupia 12 mara 300 ni 3,600 kabla ya posho ya dereva, nyongeza ya usiku na maegesho. Uliza kama ushuru wa barabara umo. Ule wa Expressway ulipangwa rupia 320 kwa gari dogo kuanzia Aprili 2023. Daraja la baharini la Atal Setu, kilomita 21.8, lililofunguliwa Januari 2024, ni rupia 250 kwenda tu, na dereva hulipita bila kukuuliza kwa sababu si yeye anayelipa. Ila vituo vitano vya kuingilia Mumbai, Vashi ukiwa mmojawapo, havitozi magari madogo tangu Oktoba 2024. Ukidaiwa ushuru wa Vashi, tabasamu na ukatae.

Njia nyingine kwa ufupi. Nashik kupitia mlima wa Kasara inavumilika kwa masharti hayo hayo. Mlima wa Tamhini ni wa mandhari, na mandhari yasubiri Oktoba. Barabara ya Goa iepuke kwa teksi Julai na Agosti. Pale Mahad, daraja la zamani juu ya mto Savitri lilisombwa usiku wa 2 Agosti 2016 likiwa na mabasi mawili ya abiria. Daraja jipya lilisimama mwaka uliofuata, lakini mito ya Konkan, ukanda huu wa pwani, haijabadilika tabia.

Na treni? Kwa mtu mzima mwenye begi moja, treni inaishinda teksi msimu huu. Deccan Queen, inayokwenda kati ya miji hii tangu 1930, huchukua kama saa tatu na dakika kumi. Reli nayo hupita mlima ule ule na husimamishwa udongo ukiteleza, lakini inaposimamishwa unakuwa umekaa stesheni, si chini ya ukuta wa mawe. Teksi inabaki na faida kwa anayetoka wodini, mwenye mtoto mchanga, au familia ya wanne wenye mabegi manane.

Anayetoka Pune kuwahi ndege ya kimataifa Mumbai apige hesabu hivi: saa tatu za uwanjani, tano za barabara ya mvua, mbili za akiba. Ndege ya saa 10 alfajiri maana yake ni kuondoka Pune saa 12 jioni, giza linaingia mkiwa bado juu mlimani. Afadhali mshuke mchana, mlale hoteli ya karibu na uwanja, na dawa zote, pasi za kusafiria na chupa ya maji ziwe kwenye begi la mkononi, si lile lililofungwa juu ya paa.